Mbona Uliiacha Kazi Yako?

Mwalimu mmoja ametuandikia kutuuliza neno ambalo, tulipolisoma, tuliona kwamba halimhusu yeye peke yake. Kijana aliyemfundisha zamani alikuwa karani wa ghala la nafaka kwa miaka mitatu, kisha akaiacha kazi ile. Tangu hapo amekwenda kuomba kazi mahali patatu katika mji mmoja, na mahali pote patatu ameulizwa, "Mbona uliiacha kazi yako ya kwanza?" Pa kwanza alijibu kwamba mshahara ulikuwa mdogo. Pa pili alisema kwamba mama yake aliugua. Pa tatu alisema kwamba ghala lilipunguza watu. Matajiri wale watatu hununua magunia kwa mtu mmoja na hukutana kila Jumamosi. Basi msomaji ajua yaliyofuata. Mwalimu auliza, "Tuwafundishe vijana wetu kujibu nini?"

Kabla ya kutafuta jibu, na tumtazame kwanza huyo anayeuliza. Tajiri hamjui kijana aliye mbele yake. Ataka kumkabidhi funguo, au fedha, au gari, au watoto wake, na alicho nacho ni karatasi mbili tatu na uso wa mtu. Aulizapo, "Mbona uliacha?" hataki hadithi ya ghala la watu wengine. Ataka kujua mambo matatu. La kwanza, je, mtu huyu ataniacha nami katikati ya kazi kama alivyomwacha yule? La pili, je, alitoka na kitu kisicho chake? Na la tatu, ambalo vijana hulisahau sana, je, siku atakapotoka kwangu, atakwenda kuninena vipi? Maana amsikilizaye mtu akimtukana tajiri wake wa kwanza, hujiona yeye mwenyewe ameketi katika kiti kile. Wazee walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na kwa mwombaji wa kazi uzazi ungalipo kweli, kwa kuwa yule aliyemtukana asubuhi ndiye atakayepigiwa simu jioni.

Twaona vijana wengi hulichukia swali hili, hulihesabu kuwa ni mtego. Hatuwalaumu, walakini twapenda wajue ya kuwa babu zao wengi hawakupata hata kuulizwa. Si kwamba matajiri wa zamani hawakutaka kujua. Karatasi ndiyo iliyowajibia.

Katika Kenya, sheria ya kuandikisha watu wa kazi ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 alipaswa kuchukua kipande, yaani karatasi yenye alama za vidole vyake. Alikitia katika kikebe cha chuma na kukitundika shingoni kwa kamba, na wako waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Katika karatasi ile bwana wa kazi aliandika siku ya kuanza, mshahara aliompa, na siku ya kumwachilia, kisha akatia sahihi. Mtu aliyeondoka pasipo sahihi ile alihesabiwa kuwa mtoro, akatafutwa na kushtakiwa. Tena, kwa kuwa mshahara ulikuwa umeandikwa, bwana wa pili aliusoma kabla ya kutaja wa kwake. Basi swali la "Mbona uliacha?" lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla mtu hajafumbua kinywa, na aliyejibu ni yule aliyeachwa.

Chuki ya jambo hili haikuwa ndogo. Harry Thuku alipokamatwa mjini Nairobi katika mwezi wa Machi mwaka 1922, kipande kilikuwa mojawapo ya mambo ambayo chama chake kilikuwa kikiyalalamikia, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Tarehe 16 ya mwezi ule watu waliokusanyika penye kituo cha polisi walipigwa risasi, na wengine wakafa. Ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1947 ndipo kuandikishwa kulipowekwa kwa watu wa rangi zote.

Katika Tanganyika neno kipande lilikuwa na maana nyingine. Huko ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, kadi ilitiwa alama, na ujira ulilipwa kadi ilipojaa. Manamba aliyetamani kwenda kwao alihesabu kwanza nafasi zilizobaki wazi katika kadi yake.

Na wapishi na watumishi wa nyumbani walichukua barua za mabwana zao. Iko hadithi isimuliwayo katika miji mingi, ya mpishi asiyejua kusoma, aliyetembeza barua yake nyumba kwa nyumba kwa fahari kubwa, ameikunja vizuri katika kitambaa. Ndani yake bwana wake alikuwa ameandika kwamba mtu huyu apika vizuri, ila kabati la sukari lifungwe. Kila bibi aliyeisoma alitabasamu, akaikunja tena, akamrudishia na kumwambia nafasi imekwisha. Naye alitoka akishukuru. Walimu waijuao habari ya Uria, aliyechukua kwa mkono wake mwenyewe barua ya kumwua, hawatahitaji kufafanuliwa.

Tumeyaeleza haya kwa urefu ili kijana alione swali hili upya. Aonaye kuwa ni mtego na ajue kwamba hiyo ni nafasi ya kusema ambayo waliomtangulia walinyimwa. Kuitumia nafasi hiyo kwa kusema uongo ni hasara, na kuitumia kwa kulipiza kisasi ni hasara vilevile.

Leo karatasi imenyamaza kwa sehemu kubwa. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, yamtaka mwajiri ampe mtu aondokaye cheti cha utumishi, ikiwa alifanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi. Sheria yataja yatakayoandikwa: jina la mwajiri na anwani yake, jina la mfanyakazi, siku ya kuanza, kazi yenyewe na mahali pake, na siku ya kwisha. Sababu ya kuondoka haikutajwa. Mwajiri akikataa kwa makusudi kutoa cheti, au akiandika uongo ndani yake, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Walakini barua ya sifa, yaani ya kumsema mtu kuwa ni mwaminifu na hodari, mwajiri halazimiki kuiandika. Hiyo ni hisani. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila amwachaye. Wako wengi wanaotoka kazini wakiwa wamekasirika, wasikumbuke kukidai. Baada ya miezi sita ofisi imehama, au karani aliyewajua hayupo, na hawana hata la kuonyesha kwamba walifanya kazi pale. Kidaiwe siku ile ile.

Basi karatasi hutoa tarehe, na kinywa hutoa sababu. Sasa kinywa kisemeje?

Kiswahili chetu ni kikali katika jambo hili, maana neno moja hubadili habari nzima. Asemaye "niliacha" amesema kwamba shauri lilikuwa lake. Asemaye "niliachishwa" amesema kwamba mwingine ndiye aliyeamua. "Nilipunguzwa" ni neno la mtu ambaye kazi yenyewe ndiyo iliyokwisha, wala yeye hakukosa. "Mkataba wangu uliisha" halina aibu yoyote, na wanaolisema kwa kunong'ona wajiletea shaka bure. "Nilifukuzwa" hulemea ulimi. Na "nilitoroka" hatujamsikia mtu akilisema, ingawa waliotoroka si wachache. Twawaambia vijana walichague neno lao kwanza, kabla ya kupanga maelezo. Mtu aliyeachishwa akisema "niliacha", maelezo ya saa nzima hayatamwokoa, na simu moja fupi itamwangusha.

Sababu za kawaida hazina haja ya kupambwa. Mshahara haukutosha watoto walipoanza shule, mume amehamishwa, mzazi mzee hana wa kumwangalia, kazi ilikuwa mbali, na nauli ililamba robo ya ujira. Haya kila tajiri ayajua, maana yamempata yeye pia. Yasemwe kwa sentensi moja, na ya pili iwe juu ya kazi inayoombwa. Nafasi tupu katika miaka ya kazi nayo isiogopwe. Shule za Kenya zilipofungwa katikati ya mwezi wa Machi mwaka 2020 kwa ajili ya korona, na kutofunguliwa kwa madarasa yote mpaka Januari mwaka 2021, walimu wengi wa shule za watu binafsi walikaa bila mshahara. Wengine waliuza mboga, wengine walishika jembe. Mwalimu asemaye, "Mwaka ule nililima," amejibu vya kutosha.

Lipo jibu moja la siku hizi tusilolipenda. Kijana akiulizwa mbona aliacha, husema, "Nilikuwa nikitafuta changamoto mpya." Tumelisikia kwa dereva, kwa mhasibu, na kwa muuguzi, na wote watatu walilisema kwa sauti moja kama watoto wanaokariri jedwali la kuzidisha. Tajiri alisikiapo hajui lolote zaidi ya alilojua kwanza, ila ajua kwamba kuna kitu kimefunikwa.

Sasa kuna mtu aliyefukuzwa kwa kosa lake. Huyu hupewa shauri mbaya kuliko wote, maana jamaa zake humwambia afiche. Sisi twasema, aseme, lakini aseme kwa ufupi, na asiishie penye kosa. Dereva aliyefukuzwa kwa ulevi na aseme hivi: "Bwana, nilifukuzwa kwa sababu ya pombe. Huu ni mwaka wa pili sijaigusa. Mwaka jana nilimwendeshea fulani lori lake wakati wa mavuno. Nambari yake hii hapa, mwulize." Sentensi ya kwanza ni kosa, ya pili ni mabadiliko, ya tatu ni shahidi. Pasipo ile ya tatu, mbili za kwanza ni maneno tu. Labda mtu atasema, "Akisema hivyo, atanyimwa kazi." Huenda akanyimwa, hata mara kadhaa. Lakini aliyeipata kazi kwa kuficha huifanya akitazama mlango kila siku, na njia ya mwongo ni fupi.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 2017 ilitangazwa katika Tanzania kwamba watumishi wa umma 9,932 wamekutwa na vyeti vya kughushi, nao wakatolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi, na kazi za mikono yao zilikuwa njema. Mwaka 2022 serikali iliamua warudishiwe michango waliyokuwa wakikatwa kwa ajili ya uzee wao. Watu hao wamo katika vijiji na mitaa yetu, na watoto wao wamo katika madarasa yetu. Si vizuri kuwanena kana kwamba wamekufa. Lakini mmoja wao akiulizwa leo, "Mbona uliacha kazi ya serikali?" naye akajibu, "Nilistaafu mapema," amefanya cheti cha pili cha namna ya kile cha kwanza. Na aseme, "Niliondolewa katika uhakiki wa vyeti. Kazi ninaijua, na cheti nilichoombea kazi hii ni changu." Atakuwa amesema zito lote kwa pumzi moja, na atakayeamua ataamua juu ya mtu halisi.

Turudi kwa karani wa ghala. Mwalimu katuandikia mwisho wa barua yake, kama jambo dogo, ile sababu ya kweli ambayo kijana hakuisema popote. Msimamizi alimtaka aandike katika daftari magunia ambayo hayakuingia ghalani. Akakataa mara mbili, na mara ya tatu akaondoka. Tulipoisoma tulisikitika, maana kati ya sababu nne hiyo ndiyo ambayo mwenye ghala yeyote angefurahi kuisikia, nayo ndiyo aliyoificha! Aliificha kwa kuwa aliogopa aonekane mgomvi, au mchongezi.

Hapa yafaa kupambanua maneno mawili, kuficha na kusitiri. Kuficha ni kumnyima anayeuliza jambo liihusulo kazi yake. Kusitiri ni kutomtangaza mtu asiyekuwapo kujitetea. Kijana aweza kusitiri bila kuficha. Na aseme, "Mimi na msimamizi wangu hatukupatana juu ya namna ya kuandika hesabu za magunia. Niliona siwezi kutia sahihi yangu. Nikatoa notisi, nikakabidhi daftari, nikaondoka." Hapana jina la mtu, wala hapana tusi, na tajiri mwenye akili amekwisha kuelewa. Akisongwa aseme zaidi, aweza kujibu kwa upole, "Bwana, mambo ya ndani ya ghala lile ni ya mwenyewe. Nikiyatoa kwako leo, kesho nitayatoa yako kwa mwingine." Na kama pana wizi, mahali pa kuusema ni kwa mwenye mali au kwa polisi, wala si mbele ya mtu anayetafuta karani.

Tumetaja notisi, nayo ni nusu ya jibu. Katika Tanzania, alipwaye kwa mwezi hutoa notisi ya siku zisizopungua 28 baada ya mwezi wake wa kwanza kazini. Kenya nako ni siku 28 kwa wenye mshahara wa mwezi. Aliyeondoka kwa taratibu ana neno la kusema ambalo halipingwi. Mwalimu aliyeyaacha madarasa majuma mawili kabla ya mtihani, awe na sababu njema namna gani, ataulizwa juu ya majuma yale mawili na si juu ya sababu.

Sasa twaja kwa jambo lililo zito kuliko hayo yote, na hapa hatusemi na waombaji wa kazi peke yao. Wasomaji wetu wengi ni matajiri, ingawa hawajiiti hivyo. Nyumbani mwao yumo msichana afuaye, apikaye na kumbeba mtoto, naye kabla ya kufika kwao alitumika nyumba nyingine. Siku ya kwanza mama wa nyumba alimwuliza, "Mbona ulitoka kule?" Msichana akatazama sakafu, akasema, "Niliamua tu, Mama." Mama akajisemea moyoni kwamba huyu ni mwizi, au ana mimba. Akampigia simu bibi wa kule, naye bibi wa kule akasema, "Alitoroka usiku, hakuaga."

Ni kweli, alitoroka usiku. Aliondoka kwa sababu mwenye nyumba, au ndugu yake, au mwanawe mkubwa, alikuja mara mbili mlangoni pa chumba chake watu walipolala. Mshahara wa mwezi ule hakuudai. Cheti hakukipata, maana nani angemwandikia? Na sasa akiulizwa, akisema yote, ataambiwa amezua. Akinyamaza, atahesabiwa mwizi. Kanuni yetu ya maneno mafupi yamfaa karani na dereva. Huyu tutamwambia nini?

Twamwambia hivi: "Binti, sema neno moja tu: 'Mama, nyumba ile haikuwa salama kwangu.' Kisha nyamaza." Neno hilo ni kweli, halimtaji mtu, na mwanamke yeyote aliyekua alielewa. Hana deni la kueleza zaidi kwa mtu asiyemjua, wala asilazimishwe kutoa ushahidi ili apewe ndoo na ufagio. Akitaka kushtaki, na atake mwenyewe, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na aende na mtu anayemwamini. Tena ajue kwamba sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 humhesabu mtu aliyeondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike kuwa ni kama ameachishwa, na aweza kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Siku 30 hupita upesi kwa mtu aliye njiani na fuko lake la nguo. Kwa hiyo atakayemwambia habari hii mapema amemsaidia.

Na mama wa nyumba afanye nini? Kwanza asimwulize swali hili mbele ya mumewe na watoto, wala mbele ya jirani aliyemleta. Amwulize wakiwa wawili, mikono ikiwa na kazi, kama kuchambua mchele, maana macho yakiwa kwenye ungo ulimi hupata nafasi. Akisikia neno lile, "haikuwa salama," asiulize ilikuwaje, na asiipigie simu nyumba ile kutafuta hakika. Mshtakiwa hawi shahidi. Akitaka kujua tabia ya msichana, awaulize wa kwao, au mwalimu wake, au nyumba ya kabla ya ile. Kisha ampeleke akamwonyeshe chumba chake, na komeo lililo upande wa ndani. Kama komeo halipo, fundi aitwe siku ile. Baba wa nyumba naye asome maneno haya, wala asiyapite kana kwamba yaliandikwa kwa wanawake.

Kadhalika kwa aliyeacha kwa sababu hakulipwa. Twaona wenye nyumba humwuliza kijana wa bustani miezi mingapi alimwacha tajiri wa kwanza bila kuaga, wasiulize miezi mingapi tajiri yule alimwacha yeye bila mshahara. Asemapo, "Ujira haukuja kwa miezi minne, Mzee, nikashindwa nauli ya kuja kazini," amejibu. Anayemwona mtu huyo kuwa mlalamishi na ajiulize yeye angekaa miezi mingapi.

Mwalimu ametuuliza pia kama sababu iandikwe katika barua ya kuombea kazi. La. Barua na iwe na kazi, mahali na tarehe. Sababu ingoje iulizwe kwa kinywa, maana kinywani yaweza kupimwa kadiri ya anayesikiliza, na karatasi haipimi, husomwa na kila apitaye mezani.

Mwisho, twapendekeza jambo hili lifanyiwe mazoezi shuleni na nyumbani, kama hesabu zifanyiwavyo. Jioni moja mwalimu au baba na aketi upande wa pili wa meza, ajifanye tajiri, aulize, "Mbona uliiacha kazi yako?" Mara ya kwanza kijana atasema kwa dakika kumi, na jina la msimamizi wake litatajwa mara saba. Asikatizwe; mzigo ule sharti utuliwe mahali, na afadhali utuliwe hapo. Mara ya pili atasema kidogo mno, kama mtu aliyekemewa. Mara ya tatu au ya nne sentensi zitapata kimo chake, naye ataanza kuinua uso asemapo. Wasichana wapewe zamu yao na mwalimu wa kike, kando na wengine, na asiyetaka kujibu jioni ile aachwe mpaka siku nyingine.